Alikuja kung'olewa jino, akaambiwa apunguze kula

Wiki iliyopita mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, alivua viatu, akaweka mkoba chini, akatoa hata bangili, ndipo akapanda mizani. Kilo 104. Sijafungua mdomo, akaniwahi: "Najua, dokta. Nipunguze kula, nitembee." Kumbe mwezi uliopita alikwenda mahali kung'olewa jino, akaambiwa maneno hayo hayo. Jino!

Kauli hii nimeichoka. Naisikia kwenye daladala, naisikia harusini, na kinachoniuma zaidi, naisikia kwa watabibu wenzangu: mnene ni mlafi na mvivu, basi.

Wana hoja moja ya kweli. Kinachoingia kikizidi kinachotumika, mwili unaweka akiba. Hilo silibishi, ila hiyo ni hesabu, siyo sababu. Mashua ikijaa maji, hata mtoto anajua yaliyoingia yameshinda yaliyochotwa kutolewa. Fundi anatafuta kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, imetoka wapi.

Kurithi kupo. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake kule Québec, Kanada, walichapisha matokeo ya jozi 12 za mapacha wa kufanana, vijana wa kiume, waliolishwa kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 84 ndani ya siku 100. Ziada ni ile ile kwa wote. Mmoja akaongezeka kilo 4.3, mwingine 13.3, na kila pacha akamkaribia nduguye kuliko alivyowakaribia wengine. Nani hapo mlafi?

Hili la "tembea" ndilo linalonikera hasa, maana ushahidi mzito umetoka humu humu nchini. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi. Waliwanywesha maji yenye atomi za alama, wakapima mkojo kujua mwili umetumia nguvu kiasi gani. Kipimo hicho hakimtegemei mtu akumbuke jana alifanya nini. Wahadza huwinda, huchimba mizizi, hutembea mno. Lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu waliyotumia kwa siku haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili ukichoshwa huku unabana matumizi kule. Sisemi watu waache kutembea: moyo, presha na sukari vinafaidika sana. Ila mama huyu anaamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi, anasimama jikoni mpaka jua linatoka, kisha anabeba ndoo kwenda kuuza. Kumwita mvivu ni dhuluma.

Wengine wamehamia kwenye wanga: adui ni ugali, adui ni insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa mwaka mzima. Waliopunguza wanga na waliopunguza mafuta walipungua karibu sawa. Ndani ya kila kundi, wapo waliopungua sana na wapo walionenepa.

Mimi naegemea upande wa aina ya chakula. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake walilaza watu 20 wodini Marekani, wiki mbili wakala vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vya kawaida, kila mtu ale atakavyo. Walipokula vya viwandani walizidisha kalori kama 500 kwa siku. Watu ni wale wale. Tabia zao hazikubadilika kwa wiki mbili. Hata hivyo nina mashaka, na sitayaficha. Watu 20 ni wachache, na wodi siyo Ngamiani. Tena andazi letu nilipange wapi? Limekandwa kwa mkono nyumbani, lakini unga umekobolewa, sukari ni ya kiwanda, na mafuta ni hayo hayo. Kila nikishauri mtu kuhusu andazi, nasita.

Basi yule mama sikumwambia apunguze chochote. Nikamuuliza analala saa ngapi. Saa tano. Yaani saa nne za usingizi, kila siku. Nikamuuliza dawa anazotumia. Akasema hana dawa, ila vidonge vya kifua. Akafungua mkoba, akatoa kikaratasi cha kaki kilichokunjwa mara nne: prednisoloni. Kwa miaka miwili, kila pumu ikimbana, hununua dukani na kumeza mpaka viishe. Vidonge hivyo huongeza hamu ya kula na kulimbikiza mafuta tumboni na usoni.

"Ina maana siyo maandazi, dokta?"

Nikamwambia asiviache ghafla, ni hatari. Tutavipunguza taratibu, na Jumatatu aje tuanze dawa ya kuvuta ya pumu.