Mtunzi, mkusanyaji na uzi wa shanga

Mtunzi ni mtu aliyebuni kitu ambacho hakikuwapo, liwe shairi, hadithi au fumbo. Mkusanyaji huchagua vilivyotungwa na wengine akavipanga pamoja. Mhariri hukagua na kurekebisha. Mtu mmoja anaweza kuzishika kazi zote tatu. Ingetosha kuishia hapo, lakini kila kundi la mafumbo la mtandaoni likitoa kitabu siku hizi, jaladani tunasoma "Kimetungwa na" likifuatiwa na jina la admini, na wanakundi 40 walioumiza vichwa wanapewa mstari mmoja wa shukrani kwenye dibaji.

Wapo wanaodhani mtunzi ni anayetunza. Kwa hoja hiyo, admini ameyahifadhi mafumbo miaka mitatu, basi ndiye mtunzi wake. Sivyo. Neno limetokana na kutunga. Ile g imegeuka z mbele ya i, kama jenga inavyozaa mjenzi. Anayetunza kwa kawaida tunamwita mtunzaji, na hiyo nayo ni kazi ya heshima.

Hoja nzito zaidi huletwa na wanaorudi kwenye maana ya awali. Kutunga ni kupitisha uzi: tunatunga shanga, tunatunga sindano, na samaki waliopitishwa kamba ni mtungo wa samaki. Basi, wanasema, aliyechukua mafumbo ya watu 40 akayapanga moja baada ya jingine naye ametunga. Hoja ni nzuri, ila inamgeuka anayeileta. Mtunga shanga hakuzitengeneza shanga. Uzi ni wake, na uamuzi wa nyekundu ikae wapi na nyeupe wapi ni wake. Shanga zina wenyewe.

Sheria inasema karibu hivyohivyo. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania 1994, unaulinda mkusanyo kwa sababu ya uteuzi na mpangilio wake, bila kuathiri haki ya kila kazi iliyomo ndani. Kwa maneno mengine, haki ni mbili na zinakaa juu ya ukurasa mmoja. Fumbo lililoandikwa linalindwa tangu siku lilipoandikwa, bila kusajiliwa, kwa maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kinacholindwa ni maneno na mchoro. Wazo tupu au kanuni ya mchezo hailindwi.

Kwa hiyo ruhusa huombwa kwa kila mtunzi, kwa maandishi. Iseme fumbo lipi, litachapwa kwa karatasi tu au pia kidijitali, toleo moja au yote, malipo ni kiasi gani au nakala ngapi, jina liandikweje, na kama mhariri anaruhusiwa kugusa maneno. Inafaa pia iseme ruhusa si ya kipekee, ili mtunzi abaki huru kulitumia fumbo lake kwingine. Tangazo la "asiyependa aseme kabla ya Ijumaa" halitoshi, kwa kuwa aliyebadilisha namba ya simu hakuliona, na ukimya wake si ruhusa. Asipopatikana, fumbo lake litoke.

Wengine hujibu kwamba kitabu kina ISBN, basi haki ni ya aliyeichukua. ISBN ni tarakimu 13 za kulitambua toleo. 9966 ndani yake huonyesha Kenya, 9976 au 9987 Tanzania. Fumbo la ukurasa wa 14 ni la nani, namba hiyo haisemi kitu.

Mkusanyaji ana wajibu mwingine unaosahaulika, nao ni kutambua kisicho cha mtu. Chemshabongo ya chui, mbuzi na majani ya kuvushwa mtoni italetwa na mwanakundi kama yake, kwa moyo safi kabisa. Lakini binamu yake wa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi yumo katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na msomi Alcuin wa York, wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mwanakundi huyo anaweza kuwa mwandishi wa maneno yale mapya tu. Andika "mapokeo", usonge mbele.

Uhariri nao una utamu wake katika asili. Kuhariri kumetoka Kiarabu, kwenye shina lilelile lililotupa huru. Mhariri huliweka andiko huru na makosa. Kwa mafumbo, hilo linaanza kwa kulifumbua kila moja bila kuangalia jibu, na watu wawili wasioshauriana ni bora kuliko mmoja. Chukua sudoku, fumbo la tarakimu 1 hadi 9 ambamo tarakimu haijirudii katika mstari, safu wala chumba cha miraba tisa. Tafuta kwenye jibu pembe nne za mstatili zilizo katika safu mbili, mistari miwili na vyumba viwili tu, zenye 3 na 8 juu, 8 na 3 chini. Kama zote nne zimeachwa wazi kwa msomaji, 3 na 8 zinaweza kubadilishana nafasi na kila kanuni ikatimia. Fumbo hilo lina majibu mawili, na dawa yake ni kuifichua pembe moja, baada ya kumwuliza mtunzi.

Mengine ni ya kiwandani. Picha ya pikseli 900 kwa upana, ikichapwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inatoka sentimita 7.6 tu, ukiivuta zaidi, mistari inaota ukungu. Michoro ichorwe upya. Jibu lisiwekwe nyuma ya fumbo lake, kwa maana karatasi nyepesi huonyesha. Na namba za kudumu zigawiwe mwishoni, kwa sababu fumbo la 31 likiondolewa baada ya mpangilio kukamilika, majibu yote kuanzia hapo yanahama hatua moja.

Kitabu cha kwanza cha wachapishaji Simon & Schuster, New York, mwaka 1924, kilikuwa na mafumbo 50 ya maneno yaliyoteuliwa kati ya maelfu yaliyotumwa na wasomaji wa gazeti la New York World. Kiliuzwa pamoja na penseli. Watu watatu walioyateua walitajwa kama wahariri.

Jaladani, basi, andika "Kimekusanywa na kuhaririwa na", kisha jina lako, kwa herufi kubwa utakavyo. Kwenye kila fumbo liwepo jina la aliyelitunga, kwa tahajia aliyokupa mwenyewe. Kama matatu kati ya 120 ni yako, yatie jina kama ulivyoyatia ya wenzako, na kwa hayo matatu wewe ni mtunzi.