Ushirikiano wa kibiashara: maana yake kwa mwenye huduma ya kumfuata mteja

Ushirikiano wa kibiashara ni makubaliano ya biashara mbili kusaidiana kupata au kuhudumia wateja, huku kila moja ikibaki na jina lake, hesabu zake na madeni yake. Ubia ni jambo jingine. Nchini Tanzania ubia unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: watu wanaendesha biashara moja na kugawana faida, na mwenzako akikopa kwa ajili ya biashara hiyo, mdai anaweza kukugongea mlango wewe. Wengi wanaosema "tumeingia ubia na kampuni fulani" hawajaingia ubia wowote, na heri yao.

Chukua kijana wa Dar es Salaam anayeosha magari kwa kuyafuata yalipo. Ana kirikuu (gari dogo la mizigo), simtanki la maji, jenereta na mashine ya presha. Asubuhi yuko Mbezi Beach kwa mteja mmoja, mchana Tabata kwa mwingine, na katikati hapo foleni imeshakula petroli na muda. Wateja anao, ila wametawanyika. Anayemfaa ni mtu mwenye magari mengi mahali pamoja asiye na mpango wa kuyaosha mwenyewe: ofisi yenye magari ya kazi, hoteli, kampuni ya kukodisha magari, jengo lenye maegesho makubwa. Hata Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya, Machi 2007, haikujenga matawi kama ya benki. Iliingia kwenye maduka ambayo watu walishayazoea, na wenye maduka wakalipwa kamisheni.

Makubaliano yenyewe huja kwa sura nyingi. Jengo linampa nafasi na bomba la maji, naye analipa asilimia ya mapato. Wakala wa bima anamtumia wateja na kupata chake kwa kila gari. Au kampuni inampa magari yake yote kila Jumamosi kwa bei ya jumla, na hapa ndipo penye fedha nyingi na mtego pia.

Tuseme magari ni 20, kila moja shilingi 8,000, mara nne kwa mwezi. Hiyo ni 640,000. Mhasibu wa kampuni atataka kwanza TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara na ankara. Kisha atakata kodi ya zuio, ile anayoizuia mlipaji kabla ya kukulipa, ya asilimia 5 kwa malipo ya huduma, yaani 32,000, kwa hiyo zinabaki 608,000. Kijana wetu aombe cheti cha makato hayo na akitunze. Fedha zenyewe huenda zikaingia baada ya siku 30, pengine 60, ilhali petroli na posho za vijana zinalipwa jioni ile ile. Biashara ndogo inaweza kufa kwa kupata kazi kubwa namna hii. Mimi ningekubali kushusha bei kidogo ili nusu ilipwe mwanzoni mwa mwezi.

Yote haya yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: bei, siku ya malipo, nani anatoa maji, gari likikwaruzwa nani anagharamia, na notisi ya siku ngapi kabla ya kuachana. Suala la mikwaruzo lisiachwe kwenye maneno ya mdomo. Piga picha kila gari kabla hujalimwagia maji, maana mkwaruzo wa wiki iliyopita hugeuka wako mara tu tope linapotoka.

Angalia pia kampuni moja isije ikabeba sehemu kubwa ya mapato yako. Ikifika hapo umeshakuwa mwajiriwa wake, tena bila likizo wala michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Unapokwenda kuomba kazi, usikimbilie kwa mkurugenzi. Mtafute msimamizi wa usafirishaji, kwa sababu yeye ndiye anayesumbuliwa na madereva kuhusu hela ya kuoshea gari. Mwombe magari mawili ya majaribio, uyaoshe hapo hapo kwenye maegesho ya ofisi, mchana, wafanyakazi wakiwa wanapita.