Je, wajua kwa nini kuambiwa mapema hakukukingi na hofu ya sinema?

Katika filamu Mulholland Drive, iliyotoka mwaka 2001, mwanamume anapanda jukwaani usiku wa manane katika ukumbi uitwao Silencio na kuwaambia watazamaji ukweli mtupu: hakuna bendi. Analisema kwa Kihispania, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kwa hiyo mtu wa mji wetu wa Goma aliyesoma Kifaransa hahitaji maandishi ya chini ili amwelewe. Yote mnayoyasikia, anasema, yamerekodiwa. Mpiga tarumbeta anatokea akipuliza, kisha anaiondoa tarumbeta mdomoni, na sauti inaendelea bila yeye. Baadaye anaingia mwanamke, anaimba wimbo wa kumlilia mpenzi aliyepotea, na wanawake wawili waliokaa ukumbini wanatokwa machozi. Watazamaji wengi walio upande huu wa skrini hulia nao. Halafu mwimbaji anaanguka sakafuni, wanaume wawili wanamkokota kumtoa, na wimbo unaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Tulikuwa tumeambiwa. Kwa nini basi tulilia?

Historia ya filamu yenyewe ni fupi kuisimulia. David Lynch, aliyefariki Januari 2025, aliianza kama kipindi cha kwanza cha mfululizo wa televisheni kwa kituo cha ABC cha Marekani. ABC walikikataa. Kampuni ya Ufaransa, StudioCanal, ikatoa fedha za kukigeuza filamu kamili, na mwaka 2001 Lynch akapata tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la filamu la Cannes, akigawana na Joel Coen. Mwaka 2016 wahakiki waliopigishwa kura na BBC waliiweka ya kwanza kati ya filamu zote za karne hii. Aina yake ni ile ambayo Wafaransa waliipa jina la filamu nyeusi: mji wa usiku, uhalifu, mwanamke mwenye siri, mtu anayepeleleza jambo ambalo afadhali angeliacha. Hollywood ilizitengeneza kwa wingi miaka ya 1940. Lynch aliichukua aina hiyo akaitia mantiki ya ndoto.

Na hadithi? Betty anafika Los Angeles akitaka kuwa mwigizaji. Anamkuta mwanamke aliyepoteza kumbukumbu baada ya ajali ya gari, ambaye anajipa jina la Rita kutoka kwenye bango la Gilda, filamu ya mwaka 1946 ya Rita Hayworth. Wanatafuta pamoja Rita ni nani hasa. Kisha, filamu ikiwa imepita theluthi mbili, kisanduku cha buluu kinafunguliwa na kila kitu kinageuka. Mwigizaji yuleyule aliyekuwa Betty, Naomi Watts, sasa ni Diane, msichana aliyeshindwa kazini, aliyeachwa na mpenzi wake, na aliyemlipa muuaji amuue mpenzi huyo.

Hapa ndipo penye dhana inayorudiwa kila filamu hii inapojadiliwa, nami nataka kuikalia kwa muda. Husemwa hivi: Mulholland Drive inatisha na kuliza kwa sababu haieleweki. Akili imepotea njia, na aliyepotea njia huogopa. Kwa hiyo ukiupata ufunguo, hofu itayeyuka. Watu wakaanza kuutafuta huo ufunguo. Lynch alikataa kabisa kuieleza kazi yake, lakini DVD ilipouzwa iliandamana na orodha ya vidokezo kumi, na orodha hiyo ikazidi kuwaaminisha watu kwamba mbele yao wana kitendawili chenye jibu moja. Jibu linalokubaliwa na wengi ni kwamba sehemu ya kwanza ni ndoto ya Diane: anajiota akiwa Betty, mwenye kipaji, anayependwa, na yule mpenzi aliyetaka auawe anarudi akiwa hai, bila kumbukumbu, akimhitaji yeye.

Naliona jibu hilo kuwa zuri. Linaeleza majina yanayobadilika, linaeleza kwa nini Betty ni mwema kupita kiasi, linaeleza ule ufunguo wa buluu unaofungua kisanduku. Kosa halimo ndani ya jibu. Kosa ni kudhani kwamba jibu linaigusa hofu. Mwenye kulijua tangu dakika ya kwanza huketi, huitazama filamu kwa mara ya tano, na anapofika kwenye onyesho la mkahawa mwili wake unakaza vilevile.

Onyesho hilo la mkahawa ndilo ushahidi wangu mkubwa, kwa sababu halina fumbo hata kidogo. Ni mchana, jua linawaka. Wanaume wawili wamekaa katika mkahawa uitwao Winkie's. Mmoja, Dan, anasimulia ndoto aliyoiota mara mbili. Ndotoni yuko katika mkahawa huuhuu, anaogopa asijue sababu. Anamwona rafiki yake amesimama karibu na kaunta, naye anaogopa, na hofu ya rafiki inaiongeza yake. Kisha anatambua: nyuma ya jengo yuko mtu, na ndiye anayeyasababisha yote. Anauona uso wake kupitia ukutani. Anatumaini hatauona kamwe nje ya ndoto. Rafiki anainuka kwenda kulipa, na anaposimama kulipa amesimama palepale Dan alipopataja. Wanatoka. Wanashuka pembeni ya jengo. Kamera inasogea polepole kama kitu kinachoelea, kelele za barabara zinafifia, unabaki mngurumo mzito wa chini. Wanaifikia kona ya ukuta. Uso unatokea, mweusi kwa uchafu, kwa muda mfupi sana. Dan anaanguka.

Tumeambiwa mahali. Tumeambiwa nani. Tumeambiwa hata mpangilio wa matukio. Na bado tunaruka.

Msomaji anaweza kusema hiyo ni taharuki ya kawaida. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock aliieleza kwa mfano maarufu wa bomu chini ya meza: mtazamaji anayejua kuwa bomu lipo huteseka kuliko asiyejua. Ni kweli, lakini bomu la Hitchcock linaweza kulipuka au lisilipuke, na katika shaka hiyo ndimo mateso yalimo. Kwa Winkie's shaka ni ndogo mno. Tunajua uso utatokea, tunajua utatoka upande gani. Kinachoshangaza ni kwamba ujuzi huo haufiki kule mwili unakoamulia.

Mwanasayansi Charles Darwin alilijaribu jambo hili akiwa yeye mwenyewe kipimo. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, anaeleza jinsi alivyokwenda kwenye bustani ya wanyama ya London akauweka uso wake karibu na kioo kinene, na nyuma ya kioo alikuwa kifutu, nyoka wa Afrika. Alikuwa ameazimia kwa dhati kutorudi nyuma nyoka akirusha kichwa. Nyoka alipogonga kioo, azimio likapotea na Darwin akajikuta ameruka nyuma yadi moja au mbili. Aliandika kwamba nia na akili yake havikuwa na nguvu mbele ya kuiwazia hatari ambayo hakuwahi kuionja. Mtu aliyeijua kazi ya kioo kuliko yeyote pale alishindwa na kioo.

Wanaokaa kando ya Ziwa Kivu wanao mfano wa kila siku. Mvuvi akichovya kasia majini, kasia linaonekana limevunjika pale linapokutana na maji. Mvuvi anajua ni zima. Amelichonga mwenyewe, amelishika maisha yake yote. Ujuzi huo unamsaidia kupiga kasia bila wasiwasi. Haumsaidii hata chembe kuliona limenyooka. Mambo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, kila moja kwenye chumba chake: anachokijua na anachokiona, na mlango kati yao haufunguki kwa amri. Sababu ya kasia kupinda ni mwanga, si ubongo, na hapo mfano unaishia. Lakini ule utengano wa vyumba ndio huohuo unaofanya kazi jukwaani tunapoambiwa hakuna bendi.

Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walichapisha jaribio dogo la ajabu. Mtu anasikilizishwa silabi «ba» huku akitazama midomo inayotamka «ga», na watu wengi husikia «da», sauti ambayo haikutamkwa na yeyote. Macho na masikio yamekwisha kupatana kabla fikira haijaulizwa. Ukieleweshwa hila nzima kisha ukarudia, wengi bado husikia «da». Isitiwe chumvi, hata hivyo: nguvu ya jambo hili hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na wapo wasiolisikia kabisa.

Ukitaka kuuona upatano huo Goma, ingia kwenye ukumbi wowote mdogo wa filamu. Bafle, yaani spika, liko kwenye kona, pengine nyuma ya mgongo wako, skrini iko mbele, na bado neno linatoka mdomoni mwa mwigizaji. Masikio yanalihamisha hadi pale macho yalipoona mdomo ukicheza. Hata filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ambamo sauti moja inabeba maneno ya mume, mke, polisi na mtoto, hufuatwa na ukumbi mzima bila tabu, ingawa midomo na maneno havilingani. Inatosha mdomo usogee karibu na wakati wa sauti. Nalipenda sana jambo hili kila nikilishuhudia.

Kwa hiyo mwimbaji anapofungua kinywa katika ukumbi wa Silencio, hakuna anayesikia mkanda. Tunasikia koo lake. Mji wetu unawajua wasanii wanaopiga plebaki kwenye tamasha, yaani wanaochezesha midomo juu ya sauti iliyorekodiwa, na mashabiki hukasirika wakigundua. Hapa tumetangaziwa plebaki tangu mlangoni na tunaisahau ndani ya mstari wa kwanza. Tena mwimbaji huyo, Rebekah Del Rio, anatangazwa kwa jina lake halisi, na sauti ni yake kweli, akiimba kwa Kihispania wimbo wa Roy Orbison. Uongo wa jukwaa una ukweli ndani yake, na hilo lilinichukua muda kulitambua.

Kuhusu hofu, wengi hutaja njia mbili za ubongo. Mtafiti wa ubongo Joseph LeDoux, akichunguza panya, alionyesha kuwa sauti ya hatari inaweza kufika kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari, kwa njia ya mkato, bila kungoja tabaka la juu la ubongo lifanye uchambuzi wake. Maelezo haya yanapendeza, na hapa ndipo pa kwenda taratibu. Uzito wa njia hiyo ya mkato kwa macho ya binadamu bado unabishaniwa, na LeDoux mwenyewe baadaye alionya kwamba mwili kujihami si sawa na mtu kuhisi hofu. Kuhusu machozi ya Silencio, ushahidi ni mwembamba zaidi. Kinachosimama imara ni hiki cha chini: maarifa na mwitiko havitumii mlango mmoja.

Mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea siku kadhaa. Tuliambiwa yatakuja, na kila moja lilipokuja tuliruka kutoka vitini. Pale hatari ilikuwa ya kweli na kuruka kulikuwa na maana. Kwenye filamu haipo. Mwili haukuonyesha kujali tofauti hiyo.

Lynch aliujenga msingi wa filamu yake juu ya ufa huu, na ndiyo maana naona dhamira zake zinasumbua kuliko mauaji yoyote yaliyomo. Diane yuko katika hali yetu. Sehemu yake moja inajua alichokifanya, na sehemu nyingine inaota mapenzi yanayoendelea, na kujua hakuizuii ndoto. Silencio inakuja muda mfupi kabla ya kisanduku kufunguliwa, Betty anapotetemeka kitini na kulia, kwa sababu hapo ndipo anapoambiwa kwamba hakuna bendi, yaani hakuna Betty. Nasi tunamwombolezea Betty tukiwa tumekwisha kuambiwa.

Karibu na mwisho Diane anakaa Winkie's akimpa muuaji kazi. Anainua macho na kumwona Dan amesimama karibu na kaunta, mahali palepale alipokuwa amepaota. Sasa mtazamaji anaelewa onyesho la mwanzo lilitoka wapi: ni dakika ya hatia ambayo ndoto iliichukua na kuipa uso. Maelezo yamekamilika, kila kipande kimepata nafasi. Rudisha filamu mwanzo uitazame tena na maelezo hayo mkononi, na wanaume wale wawili wakishuka kuelekea kona ya ukuta, utashika kiti.