Wembamba Si Kipimo cha Kolesteroli

Wiki hii tena, mgonjwa mwembamba amenirudishia karatasi ya maabara katika kliniki yetu hapa Kampala akisema, kwa heshima lakini kwa uhakika, "Daktari, majibu haya si yangu, mimi sili nyama wala mafuta." Majibu yalikuwa yake. Imani kwamba kolesteroli ni maradhi ya wanene na walafi naisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma, na imenichosha, kwa sababu inawaacha bila matibabu watu ambao mishipa ya moyo wao inaziba wangali vijana.

Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo katika damu haikutoka sahanini. Mwili wenyewe hutengeneza takriban gramu 1 kwa siku, ilhali kiini cha yai moja kina kama miligramu 200 tu, na si zote zinazofyonzwa na utumbo. Mtu akila zaidi, ini lake kwa kawaida hupunguza utengenezaji. Ndiyo maana naona mayai ya rolex, ile chapati yetu inayoviringishiwa mayai, yanalaumiwa kupita kiasi, huku mafuta yaliyokaangia chapati yake yakipita bila kuulizwa.

Kinachoamua zaidi kiwango cha LDL, ile kolesteroli mbaya inayoziba mishipa, ni kasi ya ini kuiondoa katika damu, kazi inayofanywa na vipokezi, yaani vinasio vya LDL vilivyo juu ya seli za ini. Joseph Goldstein na Michael Brown, waliovigundua huko Dallas, Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Jeni ndizo zinazopanga ubora wa vipokezi hivyo; nayo mafuta yanayoganda, kama samli, shahamu ya ng'ombe, na mawese ambayo karibu nusu yake ni ya aina hiyo, hupunguza utendaji wake. Urithi na chakula, basi, hukutana kwenye kipokezi kilekile. Hapo ndipo linaponikera swali ninaloulizwa karibu kila siku: ni asilimia ngapi ya kurithi, na ngapi ya chakula? Kwa mtu mmoja mmoja hesabu hiyo haipo. Ndugu wawili wanaokula chungu kimoja, mmoja akiwa amerithi vipokezi imara na mwingine dhaifu, watapata majibu yasiyofanana kabisa. Na samli ileile itakayomgusa kidogo wa kwanza inaweza kumpandisha sana wa pili. Hatuwezi kuwapa ushauri mmoja na kutarajia matokeo mamoja.

Maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye dumu la mafuta ya mimea ni ya kweli, wala hayasaidii, kwani mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kuhesabika. Soma kiasi cha mafuta yanayoganda (kwa Kiingereza, saturated fat).

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya urithi ni ule wa kolesteroli ya kifamilia, inayompata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Anayerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa mzazi mmoja huzaliwa na LDL inayokaribia mara mbili ya kawaida, na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mtu huyo anaweza kuwa mwembamba, akala matoke na mboga maisha yake yote, na bado akashikwa na moyo kabla ya miaka 50. Upo pia urithi wa upande wa pili: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba Wamarekani weusi 26 hivi kati ya 1,000 walibeba kasoro katika jeni ya PCSK9 iliyoshusha LDL yao kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ukapungua kwao kwa asilimia 88.

Wapo wanaosikia haya wakahitimisha kwamba chakula hakina maana. Hao nao wamekosea. Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones waliwalinganisha Waafrika na Waasia wa Uganda, wakakuta kolesteroli ya Waafrika iko chini sana na ugonjwa wa mishipa ya moyo ni nadra mno kwao, nao wakauhusisha mlo na tofauti hiyo. Jeni za watu wa nchi hazibadiliki katika miongo sita tangu wakati huo. Mafuta ya kikaangoni hubadilika.

Shaka yangu iko kwenye utabiri. Alama nyingi za jeni, yaani pointi zinazojumlishwa kutoka jeni za mtu ili kukadiria kolesteroli yake, zimejengwa kwa data za Wazungu, na uchunguzi wa jenomu (jumla ya jeni za mtu) za watu wapatao 6,400 kutoka Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulithibitisha jinsi jenomu zetu zilivyo na tofauti nyingi ambazo hazikuwa zimeandikwa. Kwa hiyo alama hizo sizitumii kumwambia mgonjwa wa hapa hatima yake.

Ninachokitumia ni kipimo cha LDL chenyewe na maswali kuhusu ukoo. LDL ikifika milimoli 4.9 kwa lita au zaidi, hasa ikiwa baba alishikwa na moyo kabla ya miaka 55 au mama kabla ya miaka 60, siishii kwenye ushauri wa mlo, ambao kwa mgonjwa wa aina hii hushusha kiwango kidogo tu. Naanzisha statini, dawa ya kushusha kolesteroli, nabadilisha mafuta ya kupikia pia, kisha naomba ndugu na watoto waletwe wapimwe, wembamba wakiwa wa kwanza kwenye foleni.