Kunakili hakuui ubunifu

Wengi tumeaminishwa kwamba mchoraji anayenakili kazi za wengine hupoteza ubunifu wake. Si kweli. Mwaka 1887, akiwa Paris, mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alinakili picha ya mchoraji wa Kijapani Hiroshige ya bustani ya miplamu, yenye shina nene lililokatiza mbele kabisa. Mwaka uliofuata alichora mpanzi shambani: shina la mti lililoinama linakatiza picha, na jua kubwa la manjano limekaa nyuma ya kichwa cha mpanzi. Mpangilio alijifunza kwa Hiroshige. Picha ni yake mwenyewe, tena nzuri mno.

Ukitaka kujaribu, nakili picha uipendayo kwa penseli, ndogo kama stempu, giza na mwanga tu. Utaona haraka uzito wake umeangukia wapi.