Povu si kipimo cha pombe

Juzi alfajiri mama mmoja wa Ipuli, mtengenezaji wa mvinyo wa asali, kanipigia simu. "Mwanangu, povu limekata. Nifungashe?" Nikamuuliza haidromita, kile kipimo kinachoelea ambacho namba yake hushuka sukari inavyogeuka kileo, inasomaje. "Sijapima, ila povu hamna." Huyo ni wa nne mwezi huu, nami nimechoka.

Watengenezaji wengi wa mvinyo wa asali hapa Tabora wanaamini povu jingi ndiyo nguvu ya pombe, na likitulia basi imeiva. Si kweli. Povu ni gesi ya hamira iliyonaswa kwenye utando, na utando huo unashikiliwa zaidi na protini. Asali yenye mabaki ya masega na chavua itafura hadi kieleweke. Pipa la jirani lenye sukari ileile litatulia kama maji ya mtungi, na kileo kikawa sawa. Haidromita ndiyo inayosema ukweli: ukianzia 1.090 ukafika 1.000, una kileo cha karibu asilimia 12. Ikigoma kwenye 1.030 na povu limekata, hamira imekwama, na asali ina naitrojeni haba, kwa hiyo kukwama ni jambo la kawaida. Fungasha hivyohivyo, na sukari iliyobaki itaamka chupani, mezani kwa mteja.

Povu lenyewe lina kesi nyingine. Linakula nafasi, linaingia kwenye mpira wa kutolea gesi na kuuziba. Mimi mwenyewe niliwahi kujaza pipa la lita 200 hadi shingoni. Asubuhi mfuniko nikaukuta mlangoni, na ukuta unanata. Acha robo ya pipa wazi. Chakula cha hamira, yaani virutubisho vya kuiongezea naitrojeni, usikimwage kikiwa unga, kitaitibua gesi yote kwa mpigo. Kiyeyushe kwanza kwenye maji, umimine taratibu.

Utasikia pia: "Koroga kila siku mpaka mwisho, hamira ipumue." Hapana! Oksijeni inahitajika siku ya kwanza na ya pili, hamira ikijenga ngozi za seli zake. Hapo koroga kwelikweli, si mizunguko miwili ya mwiko: tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji yetu yanashika oksijeni pungufu kuliko ya pwani, na asali inaipunguza zaidi. Baada ya hapo hewa inawalisha bakteria wa siki. Anayetaka siki, huyo ndiye apulize hewa muda wote.

Na yale matone ya mawese ya Kigoma ya kuua povu? Yanaliua, sikatai. Ila kwenye pipa la siki linalopulizwa hewa, mafuta huunganisha viputo vidogo kuwa vikubwa. Vinapanda haraka, oksijeni haipati muda wa kuyeyuka. Umeme wa pampu ya hewa unaulipia bure.

Mama wa Ipuli alipima jioni: 1.024. Chupa zake bado ziko kwenye kreti, tupu.