Jicho Zuri Linapoficha Ubovu wa Mwenzake

Mtoto asiyeona vizuri mara nyingi halalamiki. Hajui wengine wanaonaje. Kwake ubao umekuwa na ukungu siku zote. Ndiyo maana apimwe bila kusubiri aseme.

Upimaji wa awali shuleni hauhitaji mashine. Tafuta chati ya herufi E zinazotazama juu, chini, kulia na kushoto, uitundike penye mwanga wa kutosha, usawa wa macho. Pima mita 6 kwa utepe, si kwa hatua, kisha chora mstari wa kusimama. Asiyejua kusoma ataonyesha kwa mkono meno ya E yanakoelekea.

Pima jicho moja moja. Hapa ndipo kazi huharibika. Mtoto akijiziba kwa vidole huchungulia katikati yake, hata bila kukusudia kudanganya. Azibe kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, bila kubonyeza, maana jicho lililobonyezwa huona ukungu likifunuliwa. Akifinya macho mkanye: kufinya hupunguza ukungu, na matokeo huonekana mazuri kuliko hali halisi. Walio kwenye foleni nao hukariri, kwa hiyo wasimame mbali na chati.

Akishindwa mstari wa 6/12 kwa jicho lolote, apewe rufaa. 6/12 maana yake anahitaji kuwa mita 6 ili aone kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 12. Kabla hajaondoka, achungulie chati kupitia tundu la milimita 1 hivi kwenye kadi nyeusi. Akiona vizuri zaidi, yaelekea anahitaji miwani. Asipoona nafuu, huenda kuna ugonjwa, usimcheleweshe.

Macho mawili yakipimwa pamoja, lililo zuri hufaulu kwa niaba ya lenzake. Ubongo nao huzoea kulipuuza lile dhaifu, likawa jicho vivu. Tiba yake, yaani miwani na kuziba jicho zuri kwa saa alizoagiza mtaalamu, hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi.

Chati hii ina pengo lake. Mtoto mwenye shida ya kuona karibu anaweza kukaza lenzi ya jicho akafaulu, kisha kichwa kikamuuma kila anaposoma. Huyo apelekwe hata kama amefaulu. Makengeza pia, na weupe ndani ya mboni ndio wa haraka kuliko yote.

Miwani haidhoofishi macho, ila macho ya mtoto hubadilika akikua, hivyo arudi kupimwa kila mwaka.